Kitabu cha Jirani Wakati wa Masika



Aprili, jua likipinda tu mvua inashuka na radi zake. Shule zimefungwa, njia ni matope matupu, na jirani uliyezoea kumwona kila jioni wiki inaisha hujamtia machoni. Leo nawapa sababu ya kumpigia hodi: kaazime kitabu.

Sheria ya maktaba za umma nchini Kenya ilipitishwa 1965, na Katiba ya 2010 ikakabidhi maktaba hizo kwa kaunti. Ila kwa mvua hii, rafu unayoifikia ni ya jirani.

Vitabu vya majirani havipotei kwa wizi, vinapotea kwa haya. Mwenye kitabu anaona haya kukidai. Aliyeazima anaona haya kukirudisha kwa kuwa mtoto amechana jalada. Mwisho wanakwepana sokoni, watu waliokuwa wakiombana chumvi! Kwa hiyo tafuteni daftari: jina la kitabu, aliyekichukua, siku ya kukirudisha. Semeni mapema pia kikichanika itakuwaje. Wapo watakaoona huko ni kutoaminiana. Mimi naona ndiko kunakolinda ujirani.

Sisi wa Busia, Malaba na Amagoro, mpakani mwa Kenya na Uganda, tuna nafasi nyingine. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Huku kwetu Kenya hadithi za Kiswahili zimelala chini ya vitanda, watoto wamekwisha kuzisoma; tuwaazimishe majirani wa ng'ambo. Vitabu vya kiada tuviache, mitaala haifanani, lakini hadithi inasomeka pande zote mbili. Kitabu kikirudi, kisije kimefungwa kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki: mifuko hiyo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017. Leso chini ya koti inatosha.

Kikilowa je? Usikianike juu ya jiko wala kwenye jua kali, kurasa zitajikunja. Weka vipande vya karatasi ya shashi katikati ya kurasa, ubadilishe vikilowa, kisha kisimamishe wazi penye upepo.

Na kwa bibi au babu ambaye macho yamechoka, mtume mtoto akamsomee. Akiwa huko atazame kama paa linavuja, na kama kuni kavu zipo.