Mgongo wa Mama na Kamba ya Kisima

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maji)

Leo tuongee juu ya kile chombo mnachotaka kuweka juu ya kisima. Pesa ni zenu, mmezichanga shilingi kwa shilingi. Basi kabla hamjamlipa fundi, tuelewane.

Jerikani ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, na yenyewe karibu kilo moja. Jumla 21. Mama akiinama juu ya kisima na kuvuta kamba kwa mikono, kilo zote 21 ziko juu yake, na mgongo ndio unaolipa.

Wengine wanasema, “Tutundike kapi moja juu, uzito utapungua.” Hapana! Kapi moja lililofungwa mahali pamoja halipunguzi uzito hata kidogo. Kazi yake ni kugeuza upande wa kuvuta. Badala ya kuinama na kuvuta juu, unasimama wima na kuvuta chini, na uzito wa mwili wako unakusaidia. Hiyo ni faida, lakini kilo ni zile zile 21.

Sasa tazama gogo la kuzungushwa kwa mkono. Hapa ndipo nguvu zinapungua kweli. Pima vitu viwili tu. Kwanza, kutoka katikati ya gogo hadi ukingo wake. Tuseme ni sentimita 10. Pili, kutoka katikati hadi pale unaposhika mkono wa chuma. Tuseme ni sentimita 40. Gawanya 40 kwa 10, unapata 4. Maana yake, kilo 21 zitakuwa kama kilo 5 na kidogo mkononi mwako. Ongeza uzito wa kamba na kukwaruzana kwa chuma, ndiyo sababu tunapaka grisi.

Je, hizo kilo nyingine zimeenda wapi? Hakuna cha bure. Umelipa kwa mwendo. Kila mzunguko mmoja unapandisha jerikani karibu sentimita 63 tu, lakini mkono wako umetembea mara nne ya hapo. Kisima cha mita 12 kitataka mizunguko 19 hivi. Ukipunguza nguvu, unaongeza mwendo. Ni sheria hiyo hiyo kwa mtaimbo unaong'oa jiwe, na kwa wilbaro inayobeba mchanga.

Kwa hiyo msikubali gogo nene na mkono mfupi. Wala msikubali mkono mrefu kupita kiasi, maana mama mfupi hataufikia ukiwa juu. Tena kamba isipande juu ya kamba nyingine. Ikirundikana, ni kama gogo limenenepa, na kazi inakuwa nzito.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Jerikani iliyojaa ikiwa juu, halafu mtu aachilie, inarudi chini kwa kasi na mkono wa chuma unazunguka kama upanga. Unaweza kuvunja mkono wa mtu mzima, sembuse kichwa cha mtoto! Mwambieni fundi aweke kichuma cha kuzuia gogo lisirudi nyuma. Akisema ni gharama ya ziada, mwambieni hospitali ni gharama zaidi. Na kikundi kiwe na kanuni: watoto wadogo wasizungushe peke yao, na mtu akichoka afunge kichuma kwanza, ndipo aachilie.

Basi mkutano ujao mje na futi ya kupimia. Kila mwanachama apime mwenyewe, agawanye mwenyewe. Mwenye kujua hesabu ya chombo chake hadanganywi na fundi.

Sasa maswali.