Ukurasa Mmoja kwa Kiswahili: Mwanafunzi wa Sheria na Deni Lake kwa Jamii



Nawaomba twende kwanza Bukoba. Binti amerithi kibanja cha migomba kwa wosia wa baba yake. Ana mgonjwa ndani, anataka kuuza kipande. Baba zake wadogo wanamjia juu: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Anakimbilia kwa msaidizi wa kisheria wa kata, mtu anayeaminika, hodari wa kusuluhisha na kuandika barua, ila maktaba hana.

Mfano nimeutunga, lakini maswali ya namna hii hayaishi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kazi bora anayoweza kujitolea mwanafunzi wa sheria ni kumtafutia mtu kama huyu jibu sahihi, la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili.

Mwanafunzi mwenye haraka atafungua Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoweka mila za urithi katika maandishi, na kusoma kwamba mwanamke hutumia ardhi ya ukoo lakini haiuzi. Akiishia hapo, amemrudishia binti jibu lilelile la baba zake wadogo, safari hii likiwa na muhuri wa chuo.

Aliyefunzwa vizuri ataendelea. Atakuta kwamba haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984. Atakuta hukumu ya Mahakama Kuu, Mwanza, ya 1990: Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, mpwa wake Bernardo Ephrahim akapinga, na Jaji James Mwalusanya akasema mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba. Mauzo yakabaki halali. Atakuta pia kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi.

Hata hapo hajamaliza. Wajane wawili walipinga mahakamani kanuni za urithi za Tangazo hilohilo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane hao. Hukumu ya 2006 haitampendeza binti wa Bukoba, lakini lazima iwemo ukurasani. Ikifichwa, ataikuta mdomoni mwa wakili wa upande wa pili.

Kazi hii ya msaada wa kisheria si ngeni kwetu. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka huohuo mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakaachiwa usuluhishi wa siku 30 kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaidizi mwenye kijitabu cha zamani bado anaweza kumwambia mtu asubiri hukumu ya baraza lisilohukumu tena.

Hukumu siku hizi zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII, hata kwenye simu. Lakini nyingi za zamani ziko kwa Kiingereza, na kuzipata si kuzielewa. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu amesomeshwa miaka yote hiyo ili aweze kuzielewa.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu huu. Swali litoke kwa msaidizi wa kisheria, lisibuniwe na mhadhiri. Mwanafunzi atafiti tu. Asimshauri mwenye shauri wala asimsemee barazani. Ukurasa usitoke chuoni kabla wakili hajausoma na kuutia saini. Siri za watu zitunzwe. Nauli na chakula zilipwe na chuo, maana kujitolea kusiwe fursa ya watoto wa wenye uwezo peke yao. Na alama zitolewe kwa kipimo kimoja zaidi ya usahihi: je, aliyeuliza ameusoma ukurasa akaelewa?

Wenzangu wanasheria, wahenga walisema mnyonge hana haki. Mara nyingi haki anayo, ila imelala katika hukumu ambayo hajawahi kuisikia. Likizo ndefu ijayo, tuwatume vijana wetu wakamtafutie hukumu hiyo.