Yoga Nyepesi kwa Watumishi wa Sheria: Maandishi ya Mazungumzo





Kazi ya sheria humchosha mtu hali ameketi. Mchukuzi wa bandarini akirejea kwake jioni, kila mtu huiona taabu yake kwa jasho na vumbi. Ama hakimu aliyekaa kitako tangu asubuhi akisikiliza mashahidi, huyo huhesabiwa kuwa amestarehe. Kumbe shingo imekakamaa na mabega yamepanda. Kwa miaka mingi mahakimu wetu wameandika ushahidi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, huku jicho moja liko kwa shahidi na jengine liko kwenye karatasi. Karani anayepiga chapa maelezo ya mtoto aliyedhulumiwa huyasoma mara ya pili na ya tatu ili kuyasahihisha, wala hapana anayemwuliza yamemkaa vipi moyoni. Wakili naye amefungwa na siri ya mteja wake. Yaliyomsibu mchana hawezi kuyasimulia hata nyumbani kwake.

Uchovu huo hauishii kwa mwenye nao. Mshtakiwa aliyeko rumande na mjane anayedai mirathi wanangojea akili ya mtu huyu iwe timamu siku ya kesi yao. Jalada lililosomwa juu juu, tarehe iliyosahauliwa, au ukali usio na sababu kwa shahidi mwenye khofu, ni madhara yanayomfika mwananchi ambaye hata hajui kwamba hakimu au wakili wake hakulala usiku.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 ulitolewa nchini Marekani uchunguzi uliofanywa na Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo pamoja na taasisi ya tiba ya Hazelden Betty Ford. Katika wanasheria 12,825 walioulizwa, asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona, asilimia 19 dalili za wasiwasi, na asilimia 23 dalili za mfadhaiko. Kadhalika mmoja katika kila watano alikutwa na unywaji wa pombe wenye madhara, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa walio katika miaka 10 ya mwanzo ya kazi. Hesabu hizo ni za huko, wala si haki kuzibandika hapa kama zilivyo. Lakini majalada, muda wa mwisho wa kuwasilisha hoja, na ugomvi wa watu wawili ambao mmoja lazima ashindwe, ni mambo ya kila mahakama.

Miongoni mwa mambo yanayosaidia ni yoga nyepesi ya wanaoanza. Yoga asili yake ni Bara Hindi, na ni elimu ya kale yenye falsafa yake. Mazoezi ya viungo yanayofundishwa leo yalienea sana katika karne ya 20 kupitia walimu kama B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014. Huyu alikuwa mtoto dhaifu wa maradhi, na pengine ndiyo maana akawafikiria wasioweza: alitumia viti, mikanda, magogo ya mbao na mablanketi ili mwenye mwili mgumu naye apate nafasi. Mnamo Disemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga.

Hapana budi swali la dini lijibiwe waziwazi, kwani wengi hulificha na kubaki nyumbani. Wanazuoni wamelipa uzito. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilikataza kwa Waislamu yoga inayochanganya viungo na ibada na usomaji wa mantra. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yenye ibada ya Kihindu, lakini halikukataza iliyo mazoezi ya mwili matupu. Nayo Saudi Arabia mwaka 2017 iliiingiza yoga katika orodha ya shughuli za michezo. Darasa linalozungumzwa hapa ni la viungo na pumzi tu, halina mantra wala sanamu. Atakayebaki na shaka na amwendee mwanachuoni anayemwamini.

Darasa lenyewe huanzia kwenye kiti. Mwanafunzi huketi, nyayo zikiwa zimetua sakafuni, akavuta pumzi kwa pua huku akipandisha mabega kuelekea masikioni, kisha akayaachia wakati wa kuitoa. Baada ya hapo hugeuza kichwa taratibu kulia na kushoto. Wanaoweza hushuka sakafuni kwa magoti na viganja, wakauinua mgongo mfano wa paka aliyeshtuka, kisha wakaushusha, kila mwendo ukifuata pumzi. Mwisho hulala chali, miguu kuanzia magotini ikiwa imewekwa juu ya kiti, kwa dakika 5 au 10. Aliyelala usingizi hapo haamshwi kwa lawama.

Pumzi ndiyo kiini. Mtu mzima aliyetulia hupumua baina ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika darasa huvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, na ikiwa kila hesabu ni sekunde moja, pumzi huwa 6 tu kwa dakika. Moyo huenda mbio kidogo wakati wa kuvuta na hupunguza mwendo wakati wa kutoa. Mwenye kushika mshipa wa mkono wake aweza kuuhisi. Kuirefusha pumzi ya kutoka, basi, ni kuuambia mwili kwamba hatari imepita. Wakili anaweza kufanya hivyo kortini akingojea kesi iitwe, wala hapana atakayejua.

Shida kubwa ya watu wa sheria si viungo vigumu, bali ni tabia ya kutaka kushinda. Huingia darasani kama waingiavyo kortini: huuliza kanuni, hutazama jirani amefika wapi, kisha hujilazimisha mpaka goti likalia. Katika yoga ya wanaoanza hapana rufaa wala hukumu. Mwalimu aliye mzuri humzuia mwenye pupa kabla ya kumhimiza mvivu.

Hata hivyo, yoga haipunguzi majalada. Mkuu wa kazi anayewapeleka watumishi wake darasani jioni, na asubuhi akawaongezea kesi, hajawafaa kitu. Aidha, mtu asiyelala kwa wiki kadhaa, au anayefikiria kujidhuru, dawa yake ya kwanza ni daktari. Ushahidi wa faida za yoga ni wa kiasi: mwaka 2017 Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja miongoni mwa njia za kutibu maumivu sugu ya kiuno bila ya dawa, pamoja na njia nyenginezo. Kwa waliokaa vitini miaka 20, hilo si dogo.

Mwenye shindikizo la damu, presha ya macho, mjamzito, au aliyepasuliwa karibuni apate kwanza ushauri wa daktari, na asiinamishe kichwa chini ya moyo. Maumivu au ganzi inayoshuka mguuni ni amri ya kuacha. Tumbo lisiwe limejaa. Saa mbili baada ya chakula hutosha. Katika mwezi wa Ramadhani mazoezi ya kitini na ya kulala ndiyo yanayofaa. Nguo ziwe pana zenye stara, na wanawake wanaopenda kukaa peke yao watengewe wakati wao. Mkeka wa ukili huteleza juu ya vigae, hivyo utandikwe juu ya zulia au utumike mkeka wa mpira.

Wenye kutaka kuanzisha kikundi kazini watafute mwalimu aliyesomea kufundisha wanaoanza, na wakubwa wasichukue safu ya mbele. Wakati baina ya alasiri na magharibi unafaa, baada ya kazi kwisha. Kesi zisizungumzwe humo kabisa. Na pale hakimu na wakili wanapokuwa na shauri mbele yao ambalo halijaamuliwa, ni bora wahudhurie siku mbali mbali, ili mdai anayepita nje asije akawaona wamelala mkeka mmoja akadhani kesi yake imekwisha.