Gari Linapokataa Kuwaka



Gari linapogoma asubuhi, mwenye gari huwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayomtia gharama. Fundi huitwa, betri mpya hununuliwa, na baada ya siku mbili gari limegoma tena. Tunapenda leo tuzungumze juu ya hatua inayorukwa mara nyingi: kulisikiliza gari kabla ya kutoa fedha.

Ufunguo ukigeuzwa na usisikike mlio wowote, huku taa za dashibodi zikiwa zimezima, umeme haupiti: betri imekwisha kabisa au waya umelegea. Ukisikika mfululizo wa tik-tik-tik na taa zikafifia, chaji ni ndogo. Ukisikika mlio mmoja tu, taa zikabaki angavu, mshukiwa ni stata au waya zake. Lakini injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, kwa kawaida betri haina kosa. Yachunguzwe mafuta, pampu yake na plagi. Fundi anayeagiza betri kwa gari la namna hiyo aulizwe sababu. Na kwa gari la otomatiki, mkono wa gia utazamwe kwanza, kwani likiwa nje ya P au N haliwaki. Si aibu, hutokea.

Betri nayo isihukumiwe kwa macho. Ukoga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake huzuia umeme, hata betri ikiwa nzima; husafishwa kwa brashi na maji yaliyotiwa magadi ya soda, baada ya kufungua waya hasi kwanza. Kisha mita ya umeme itumike. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, ikisoma 12.0 au chini, imekaribia kuisha. Gari likiwashwa kwa kubusti, ipimwe tena injini ikinguruma: namba iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, huenda alteneta haichaji, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Kipimo hiki ni cha dakika chache, nasi twaona kwamba fundi asiyekuwa na mita hastahili kuuza betri.

Katika kubusti, waya hasi wa mwisho ufungwe kwenye chuma cha injini, mbali na betri iliyokwisha, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche.

Ikithibitika kwamba kifaa kimekufa, bei ya kifaa na ya ufundi ziandikwe kabla ya kazi kuanza, na kifaa cha zamani kionyeshwe. Risiti idaiwe. Betri iliyokaa sana dukani hupungua uhai. Tarehe ya kutengenezwa isomwe kabla haijafungwa, na kadi ya dhamana ijazwe tarehe na kupigwa mhuri papo hapo.