Kondansateri za zamani: soma kwanza, gusa nyuma



Kondansateri tunazotoa katika vyombo vilivyokufa zinatunza umeme, na si zote sawa. Ile ya kopo yenye mstari wa alama ya kutoa ni ya elektroliti: ukigeuza pande zake, inaweza kupasuka. Kisahani cha seramiki chenye 103 ni nanofaradi 10. Volti zake tutafute kando. Ile kubwa ya mikro-onde, kopo la bati lenye mafuta, mara nyingi imeandikwa volti 2100. Hiyo inaweza kuua hata fishi ikiwa imeshatolewa!

Basi vijana, tuondoe umeme kupitia rezistansi, tupime, njo tushike. Isiyosomeka tuiache. Tulirudi nyumbani wazima, tubaki wazima.