Anayetuchunguza Naye Achunguzwe



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya njaa, ukosefu wa kazi na ufisadi. Jambo lenyewe ni bamba la nambari lililopachikwa kwenye kila gari. Zamani, askari aliyetaka kujua gari fulani limepita wapi alilazimika kusimama kando ya barabara na daftari lake, na jua likamchosha. Siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa mashine, nayo mashine haichoki wala hailali.

Mashine hiyo ilibuniwa na idara ya utafiti ya polisi ya Uingereza mwaka 1976. Kamera hupiga picha ya bamba, usiku na mchana; programu huigeuza picha kuwa herufi na tarakimu; kisha nambari hulinganishwa na orodha ya magari yanayotafutwa. Likipatikana gari la wizi, askari hupashwa habari papo hapo. Hapo hatuna ugomvi, kwa sababu aliyeibiwa ana haki ya kurudishiwa mali yake. Ugomvi wetu ni juu ya magari mengine yote. Mashine huandika kila nambari iliyopita, pamoja na mahali, siku na saa. Nchini Uingereza kumbukumbu hizo huweza kuhifadhiwa kwa muda wa mwaka mzima, za wenye hatia na za wasio na hatia.

Tafakarini maana yake. Mwenye kumbukumbu hizo anaweza kujua ni gari la nani lililofika kanisani usiku wa mkesha, la nani lililosimama mbele ya ofisi ya wakili, na la nani lililokwenda kwenye mkutano wa chama cha upinzani. Hakusikiliza neno letu hata moja, lakini ameyajua maisha yetu.

Hizi si hofu za kubuni. Mzee John Catt wa Brighton, mtu wa amani ambaye hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama, alikuwa akihudhuria maandamano ya kupinga kiwanda cha zana za vita, mara nyingi akiwa na karatasi za kuchorea picha. Gari lake likatiwa alama katika orodha ya polisi. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alisimamishwa jijini London pamoja na binti yake kwa sheria ya ugaidi. Alikwenda mahakamani, na Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba kuendelea kuziweka habari zake kulivunja haki yake ya faragha. Haki ilipatikana, lakini mzee alikuwa amekwisha kupita miaka 90.

Mjini Birmingham, mwaka 2010, polisi walisimika kamera zaidi ya 200 katika mitaa yenye Waislamu wengi, nyingi zikiwa za kusoma nambari za magari, na 72 kati ya zote zikiwa zimefichwa. Wenyeji waliambiwa ni za kupunguza uhalifu mitaani, kumbe fedha zake zilitoka katika mfuko wa kupambana na ugaidi. Wenyeji hawakurusha mawe. Waliitisha mikutano, wakadai majibu, na watetezi wa haki wakatishia kwenda mahakamani. Kamera zikafunikwa kwa mifuko, mkuu wa polisi akaomba radhi, na mwaka 2011 zikang'olewa.

Wala mashine haina akili ya kupambanua. Agosti 2020, mjini Aurora katika jimbo la Colorado, Marekani, polisi walilisimamisha gari la familia na kuwalaza watoto kifudifudi juu ya lami, bunduki zikiwa zimewaelekea. Mashine ilikuwa imelinganisha nambari yao na ya pikipiki ya wizi ya jimbo jingine. Tarakimu zilifanana, na hakuna askari aliyejali kutazama kama chombo kilichotafutwa kilikuwa na magurudumu mawili au manne.

Ndugu zetu, sisi Wakenya tunalijua jambo hili kwa jina la kale. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwavisha babu zetu kipande shingoni, ili mkoloni ajue watokako na waendako. Mwaka 2014 serikali yetu ilitoa kandarasi ya mtandao wa mawasiliano na ulinzi uliopangiwa kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Hatusemi kamera ni kipande. Tunasema kwamba chombo chochote cha kumfuatilia raia, kisipowekewa mipaka na sheria, huelekea huko huko.

Mipaka hiyo inawezekana. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, sheria inadai nambari isiyotafutwa ifutwe ndani ya dakika tatu. Nasi tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 31 kinalinda faragha na cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika; tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Basi na tudai mambo manne. Kwanza, umma uambiwe kamera za kusoma nambari ziko wapi na ni za kazi gani. Pili, nambari za wasiotafutwa zifutwe upesi. Tatu, anayetaka kuchimbua safari za raia apate kwanza kibali cha hakimu. Nne, chombo huru kikague orodha, kijue ni nani ametiwa humo na kwa sababu gani.

Madai haya tuyapeleke kwa wabunge wetu, katika vikao vya kupokea maoni ya wananchi, na katika makanisa na misikiti yetu. Aliye safi haogopi mwanga, tunaambiwa kila siku. Tunakubali. Lakini mwanga huo umulike pande zote mbili, umfikie na yule aliyeishika taa.