Uraia wa Mgeni Aliyeolewa na wa Mgeni Aliyeoa

(Maelezo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Kiwira, wilayani Rungwe)



Kiwira ni mji wa njiani. Anayetoka Mbeya kwenda Tukuyu, Kyela na hatimaye Kasumulu hupita hapa, na anayetoka Karonga kutafuta viazi na ndizi hupita hapa pia. Mpaka wa Mto Songwe ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya mwaka 1890, na hakuna Mnyakyusa wala Mngonde aliyeulizwa rai yake. Watu wa kingo zote mbili walikuwa wakioana kabla ya mpaka huo, wakaendelea kuoana baada yake, na hadi leo wanaoana. Mto wenyewe hauuheshimu sana mpaka, maana wakati wa mafuriko hubadili mkondo, na shamba lililolala upande huu huweza kuamkia upande wa pili.

Ndiyo maana swali la uraia wa mwanandoa mgeni humfikia mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu wa sehemu hizi mara nyingi, nalo hujibiwa visivyo mara nyingi vile vile. Wapo wasemao kwamba mwanamke akishaolewa na Mtanzania amekwisha kuwa Mtanzania. Wapo wasemao kwamba ni lazima angoje miaka kumi. Majibu yote mawili ni makosa, na kila moja lina madhara yake kwa yule anayelisadiki.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Uraia, namba 6 ya mwaka 1995. Kwa sheria hiyo ndoa peke yake haimfanyi mtu kuwa raia. Hata akikaa nyumbani kwa mumewe miaka arobaini, akazaa, akazika na kulima, mwanamke aliyetoka Malawi hubaki kuwa raia wa Malawi mpaka atakapoomba na kukubaliwa. Lakini kifungu cha 11 kinampa haki kubwa: mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote, maadamu mumewe yu hai. Hakitajwi kipindi cha kungojea. Aliyefunga ndoa mwezi uliopita aweza kupeleka maombi yake mwezi huu.

Maneno hayo, "maadamu mumewe yu hai", yanastahili kusomwa polepole. Haki ya mke imefungwa kwenye uhai wa mume. Mume akifariki kabla mke hajaomba, mlango ule hufungwa, na mjane hupangwa pamoja na wageni wengine wote wanaoomba kwa masharti ya kawaida. Masharti hayo humtaka athibitishe miaka ya ukaazi wake nchini. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa wake wengi wa namna hii hawakupata kuchukua hati yoyote ya ukaazi. Walikuja na mabwana zao, wakapokelewa na wakwe, wakapewa migomba ya kupalilia, na wala hakuna aliyewauliza. Mjane anapokwenda kuithibitisha miaka yake hujikuta anathibitisha kwamba aliishi nchini bila kibali.

Na ardhi nayo ipo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Katika wilaya ya chai, kahawa na ndizi, ambako karibu mali yote ya kaya ni shamba, sharti hilo humweka mjane mgeni katika hali ya unyonge mbele ya shemeji yeyote mwenye tamaa. Hata pale ambapo watoto ni raia na wana haki zao, mama yao huzungumza katika baraza la ukoo kama mtu anayestahimiliwa tu. Yote hayo yangaliweza kuzuiwa kwa fomu iliyojazwa wakati mume angali akienda shambani kwa miguu yake.

Lipo pia suala la kuthibitisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila. Inataka ndoa ziandikishwe, ingawa ndoa iliyofungwa kwa taratibu zake haibatiliki kwa kukosa kuandikishwa tu. Hata hivyo afisa wa uhamiaji huhitaji cheti mkononi. Hawezi kuambatisha ng'ombe wa mahari kwenye jalada. Ndoa nyingi za kimila hazina karatasi yoyote, na katika hili watendaji wa vijiji na kata wana kazi kubwa ya kuwaelekeza watu kwa msajili mapema, kabla wazee walioshuhudia hawajaisha.

Sasa na tuitazame hali ya mume mgeni. Mwalimu wa kike wa Rungwe akiolewa na fundi kutoka Karonga, fundi huyo hapati haki ya kifungu cha 11. Kwa sheria ya uraia ndoa yake haimwongezei kitu. Ataomba kwa masharti ya Jedwali la Pili, kama angeomba akiwa kapera. Awe ameishi Tanzania miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba. Na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake haipungui miaka saba. Juu ya hayo awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe mwenye tabia njema, mchango wake kwa taifa uwe wa kufaa, na awe na nia ya kuendelea kuishi nchini. Kwa hesabu ya haraka ni miaka minane. Aliyeingia kwa kibali Januari 2018 na hakutoka, hakuweza kuomba kabla ya Januari 2026. Siku alizovuka kwa ruhusa fupi ya mgeni, akauza, akarudi kwao, si ukaazi.

Tofauti hii kati ya mke na mume haina utetezi wa maana. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, walikuwako waliotaka uraia ugawiwe kwa kufuata rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere aliwakabili na kuwaambia kwamba Serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Rangi ikashindwa siku ile. Jinsia ikabaki. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inahusu uraia. Na mwaka 1995, mwaka ule ule ambapo mama wa Kitanzania, Ndugu Gertrude Mongella, aliongoza maandalizi ya mkutano wa wanawake wa dunia uliofanyika Beijing kama Katibu Mkuu wake, sheria mpya ya uraia ilipita ikiwa na kifungu cha 11 kama kilivyo. Anayenyimwa kwa hakika ni mwanamke wa Kitanzania, kwa maana uraia wake yeye hauna nguvu ya kumvuta mumewe, ilhali wa kaka yake unayo.

Wengine wamekwisha kurekebisha. Botswana ililazimishwa na mahakama yake mwaka 1992, katika shauri la Unity Dow lililohusu uraia wa watoto wa mama raia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mume au mke wa raia haki ya kuomba kuandikishwa baada ya ndoa ya miaka saba, pasipo kujali jinsia. Huko Marekani mkaazi wa kudumu aliyefunga ndoa na raia huomba baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja, badala ya mitano. Yafaa wazazi wenye vijana huko walijue jambo hilo, na walijue pamoja na hili: Mtanzania mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania. Sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, na mgeni anayekubaliwa hapa naye hutakiwa kuukana wa kwao na kula kiapo cha utii.

Kuhusu watoto hali ni nyepesi zaidi. Mtoto aliyezaliwa hapa kwa mama Mtanzania na baba Mmalawi ni raia, na mwalimu hana sababu ya kumwita mgeni darasani. Ila akifikisha miaka 18 akiwa pia na uraia wa baba yake, lazima aukane huo wa pili.

Maombi hupitia ofisi za Uhamiaji, na uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, ambaye kwa kifungu cha 23 halazimiki kutoa sababu akikataa. Kwa ajili hiyo jalada lenye upungufu ni hatari kuliko jalada lililochelewa wiki mbili: cheti cha ndoa, uthibitisho wa uraia wa mume, hati ya kusafiria ya mwombaji na hati za ukaazi wake ziwe kamili. Barua ya mtendaji itaje tarehe aliyofika kijijini, si "muda mrefu". Na mke ambaye mumewe ameanza kuugua asiambiwe arudi baada ya mavuno.